Majumba ya Kuigizia ya Nairobi: Yalijengewa Nani?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Katibu wa Chama cha Kiswahili

Kuuliza si ujinga, ndivyo walivyonena wahenga. Makala haya, mpenzi msomaji, yalizaliwa na swali nililoulizwa nikakosa jibu.

Muhula wa kwanza Chama chetu kilifunga safari ya kwenda mjini kutazama mchezo wa Bembea ya Maisha, ile tamthilia ya Timothy Arege tunayoisoma darasani. Kila mtu alitoa nauli yake. Tulishuka matatu, tukatembea kwa miguu kupita Chuo Kikuu, hadi tukafika mbele ya jumba ambalo watu wa Nairobi huliita Kenya National Theatre, au "National" kwa kifupi. Tukiwa kwenye foleni, mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza alinivuta shati akaniuliza, "Katibu, hii nyumba ilijengwa na nani? Na mbona imetazamana na hoteli kubwa hivi?"

Lo! Katibu mzima nikajikuna kichwa. Nilimwambia anyamaze kwa sababu mchezo ulikuwa karibu kuanza, jambo ambalo halikuwa kweli. Tulirudi nyumbani tukisimuliana kuhusu mchezo, lakini mimi lile swali halikunitoka. Jioni hiyo nilimuuliza babu yangu, ambaye amekaa Nairobi tangu mwaka wa 1969 na aliyekuwa akipita pale kila asubuhi akienda kazi ya kibarua upande wa Westlands. Alicheka. "Ile nyumba? Miaka yote nilidhani ni korti," alisema. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuingia ndani. Akajibu, "Hakuna aliyenikataza. Lakini pia hakuna aliyenikaribisha."

Basi nikaanza kusoma na kuulizauliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

KABLA YA KUTA

Kwanza tuondoe kosa moja ambalo hata mimi nilikuwa nalo. Kuna watu hudhani kwamba maigizo yaliletwa na wazungu pamoja na reli. La hasha! Sote tumesoma miviga katika fasihi simulizi. Sherehe za jando, arusi, matanga, ngoma za mavuno, zote zina waigizaji, maleba, nyimbo na hadhira. Jambo ambalo hazikuwa nalo ni ukuta. Watu walikusanyika uwanjani, wakafanya duara, na aliyekuwa mtazamaji sasa hivi angeweza kuwa mchezaji baada ya dakika moja. Hakukuwa na mlango, kwa hivyo hakukuwa na mtu wa kusimama mlangoni akikuuliza tiketi.

Jumba la kuigizia ni kitu kingine. Linawatenga watu mara mbili. Mlango unawatenga walio ndani na walio nje, kisha jukwaa linawatenga wanaocheza na wanaotazama. Naomba ulishike jambo hili kwa sababu historia nzima ya majumba ya Nairobi inazunguka hapo: nani yuko ndani, nani yuko nje, na nani amesimama jukwaani.

JUMBA LA KWANZA

Nairobi yenyewe ilianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli. Hoteli ya Norfolk, ile iliyomshangaza mwenzetu wa Kidato cha Kwanza, ilifunguliwa mwaka wa 1904. Mwaka wa 1912 mji ulipata jumba lake la kuigizia lililoitwa Theatre Royal, kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Waliokaa pale ni walowezi na maofisa wa serikali, na michezo ilikuwa ya kwao: vichekesho na nyimbo za kuwakumbusha Uingereza. Baadaye jumba hilo liligeuzwa kuwa sinema iliyoitwa Cameo. Wazee wengi wanalijua kwa jina hilo la pili.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 mume na mke waliokuwa waigizaji, Donovan na Mollie Maule, walianzisha kundi la waigizaji wa kulipwa, na mwaka wa 1958 jumba lao likafunguliwa karibu na Bunge. Huko nako michezo mingi ilitoka London na watazamaji karibu wote walikuwa wazungu.

JUMBA LA KITAIFA, LAKINI TAIFA GANI?

Sasa tuje kwenye jumba lenyewe. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha kituo cha utamaduni mwaka wa 1951, na National ikajengwa kama sehemu yake. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuwakutanisha watu wa rangi zote. Jumba lilifunguliwa tarehe 6 Novemba 1952, na aliyelifungua ni mwigizaji maarufu wa Kiingereza, Ralph Richardson.

Tazama tarehe hiyo vizuri. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Baring alikuwa ametangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Zilikuwa zimepita siku 17 tu! Maelfu ya Waafrika walikuwa wakikamatwa, na Mwafrika hangeweza kuzurura mjini usiku bila karatasi za kumruhusu. Michezo nayo huonyeshwa usiku. Kwa hivyo hata bila kuandika mlangoni kwamba Waafrika hawatakiwi, jumba lilikuwa limefungwa kwao.

Mahali penyewe pana hadithi. Barabara inayopita mbele ya National inaitwa Harry Thuku. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika karibu na hapo, kwenye kituo cha polisi, wakidai kiongozi wao Harry Thuku aachiliwe. Mwanamke aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume kwa kusitasita, umati ukasonga mbele, na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21, lakini wananchi walisema walikuwa wengi zaidi, na Nyanjiru alikuwa mmoja wao. Miaka 30 baadaye jumba la "kitaifa" likajengwa hapo hapo, uso wake ukiangalia hoteli.

Hilo ndilo jibu ambalo ningempa mwenzetu siku ile. Lilijengwa mahali ambapo waliotarajiwa kulitumia walikuwa tayari wakinywa chai ng'ambo ya barabara.

KUMBI ZA MITAA NA WANAFUNZI WENZETU

Je, Waafrika wa Nairobi walikuwa wakitazama nini wakati huo? Walikuwa na kumbi zao za mitaa, zile tunazoziita social hall. Sisi wa Eastlands tunazipita kila siku bila kuzitazama mara mbili. Kuna Pumwani Memorial Hall, na kuna ukumbi wa Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940. Ukumbi wa Kaloleni ulitumiwa sana kwa mikutano ya siasa hata wenyeji wakaupa jina la utani la Bunge la Uingereza, House of Commons. Katika kumbi kama hizo watu walicheza dansi, walisikiliza bendi, walifanya arusi na walitazama michezo.

Halafu kuna jambo lililonifurahisha kuliko yote. Tamthilia za kwanza za Kiswahili kuandikwa nchini Kenya hazikutoka kwa maprofesa. Miaka ya 1950, katika shule ya Alliance kule Kikuyu, ambako kila mwaka walionyesha mchezo wa Shakespeare, wanafunzi walianza kutunga michezo yao kwa Kiswahili. Henry Kuria aliandika Nakupenda, Lakini..., ikachapishwa mwaka wa 1957. Gerishon Ngugi aliandika Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi. Michezo ya wanafunzi hao ilitoka nje ya shule ikaonyeshwa katika kumbi za kawaida, hadi Nakuru. Mpenzi msomaji, hao walikuwa vijana wa rika letu! Hawakungoja kualikwa National.

Mashindano ya drama ya shule nayo yalianza mwaka wa 1959. Mwanzoni yalikuwa ya shule za wazungu, na kwa Kiingereza. Baada ya uhuru shule za Waafrika ziliingia kwa wingi, na Kiswahili nacho kikapata nafasi. Kila tunapokwenda mashindano ya kaunti ndogo tukiwa na maleba yetu kwenye gunia, tunatembea katika njia ambayo wengine waliifungua.

MWAKA WA 1976: NANI ANA NAFASI?

Uhuru ulikuja mwaka wa 1963 lakini jumba halikupata uhuru siku hiyo hiyo. Waliopanga ratiba na makundi yaliyopangiwa siku nzuri yaliendelea kuwa ya kigeni kwa muda. Mwaka wa 1968 Seth Adagala aliteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza National, na shule ya uigizaji ikaanzishwa hapo. Hata hivyo vita havikuisha.

Mwaka wa 1976 Kenya ilitayarisha michezo miwili ya kupeleka Lagos, Nigeria, kwenye sherehe kubwa ya sanaa za watu weusi iliyojulikana kama FESTAC, iliyofanyika mwaka wa 1977. Mchezo mmoja ulikuwa wa Francis Imbuga, Betrayal in the City. Wa pili ulikuwa The Trial of Dedan Kimathi wa Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo. Wangetaka kuonyesha hapa nyumbani kwanza, tena mwezi wa Oktoba, mwezi wa mashujaa. Lakini walipewa usiku nne nne tu, kwa sababu siku nyingine zilikuwa zimewekewa maonyesho ya kigeni. Yaani mchezo juu ya Kimathi ulikuwa ukiomba nafasi katika jumba la kitaifa la nchi ambayo Kimathi aliifia!

Ngugi ameeleza kwamba mchezo huo ulipomalizika watazamaji hawakupiga makofi na kwenda zao. Waliungana na waigizaji wakiimba, wakatoka nje, wakacheza hadi barabarani karibu na Norfolk. Unakumbuka nilivyosema kwamba jumba linawatenga watu mara mbili? Usiku ule mitengo yote miwili ilivunjika.

JUMBA LISILO NA PAA

Mwaka uliofuata hadithi ilihama mjini ikaenda kijijini Kamirithu, Limuru. Sina budi kuieleza ingawa si mji, kwa sababu ndiyo inayotufundisha jinsi jumba linavyoweza kujengwa.

Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, maana yake "Nitaolewa Nikitaka". Waigizaji walikuwa wakulima, vibarua wa majani chai na wafanyakazi wa viwandani. Mazoezi yalifanywa hadharani. Mwanakijiji akiona mwigizaji anaongea kama kitabu, au anamwigiza mzee vibaya, alimsahihisha papo hapo.

Jukwaa walilijenga wenyewe. Kwanza walipanga njiti za kibiriti kuonyesha jinsi litakavyokuwa. Kisha wakainua sakafu ya nusu duara, wakaweka nyuma yake ukuta wa mianzi, na nyuma ya ukuta nyumba ndogo ya vyumba vitatu ya kubadilishia nguo na kuweka vifaa. Viti vilikuwa mbao ndefu zilizopangwa kama ngazi ili aliye nyuma asizibwe na aliye mbele. Paa halikuwepo. Watu zaidi ya 2,000 waliweza kukaa.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, na watu walifurika kutoka mbali. Tarehe 16 Novemba mkuu wa wilaya ya Kiambu aliondoa leseni. Mwisho wa Desemba Ngugi wa Thiong'o akawekwa kizuizini, akakaa karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwaka wa 1982 kundi la Kamirithu lilitaka kuonyesha mchezo mwingine, Maitu Njugira, pale National. Walikuta milango imefungwa. Wakahamia Chuo Kikuu, ambako maelfu ya watu walikuja kutazama mazoezi tu, hadi nayo yakapigwa marufuku. Mwezi wa Machi mwaka huo polisi walikwenda Kamirithu wakalibomoa lile jumba hadi chini.

Nilipomsomea babu sehemu hii alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Walibomoa mbao?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi walikuwa wanaogopa kitu kingine, si mbao."

BAADAYE HADI LEO

Miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa migumu. Waandishi waliogopa, na kupata leseni ya kuonyesha mchezo hakukuwa rahisi. Jumba la Maule lilifungwa, na mwaka wa 1983 kundi la Phoenix likaanza kuonyesha michezo mahali karibu na hapo, lakini nalo lilifungwa katika miaka ya 2010. Wasanii wengi walipata hifadhi katika vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani. Wengine walichukua setibuku wakazunguka nazo shuleni, na hadi sasa ndivyo wanafunzi wengi wa Kenya wanavyoona mchezo kwa mara ya kwanza, katika bwalo la chakula huku harufu ya maharagwe ikitoka jikoni.

Si habari zote ni za huzuni. Sinema ya zamani ya Shan, kule Ngara, iligeuzwa kuwa ukumbi wa sarakasi, ngoma na muziki, unaoitwa Sarakasi Dome. National nayo ilikarabatiwa ikafunguliwa tena Septemba 2015. Na mwezi wa Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ikaonyeshwa National, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, miaka 40 baada ya kundi lile kukuta milango imefungwa. Ngugi wa Thiong'o alifariki Mei 2025, kwa hivyo alikuwa bado hai wakati huo.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba milango haifungwi tena. Aprili 2025 wasichana wa Butere walikwenda Nakuru na mchezo wao Echoes of War baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kuuonyesha. Waliwekwa bila mwelekezi wao na bila vifaa, na nje polisi walirusha vitoa machozi. Wasichana waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Hao pia ni rika letu.

OMBI LANGU KWA SHULE

Sasa nije nyumbani. Kama mjuavyo, shule yetu ni ya kutwa na haina ukumbi. Chama cha Kiswahili hufanyia mazoezi nyuma ya maabara, na mvua ikinyesha tunakwenda nyumbani. Mwaka jana tulipata ukumbi mmoja mtaani, tukafanya mazoezi wiki tatu. Siku mbili kabla ya mashindano tukaambiwa umekodishwa kwa arusi. Tuliigiza kwenye mashindano bila kuwahi kusimama pamoja juu ya jukwaa, na kila aliyekuwepo aliona tulivyogongana tukitoka.

Sote tumeona msingi wa bwalo jipya unaochimbwa kando ya lango. Ni jambo zuri na tunashukuru. Lakini nimeuliza, nikaambiwa mchoro hauna jukwaa. Najua kuna watakaosema kwamba pesa ni kidogo na madarasa hayatoshi. Ni kweli, na ndiyo maana siombi kitu kikubwa. Nimesoma nikagundua kwamba jukwaa linahitaji mambo matatu tu. La kwanza ni sakafu iliyoinuliwa mwisho mmoja wa bwalo, hata kama ni kwa kimo cha magoti, ili walio nyuma waone. La pili ni milango miwili nyuma yake, mmoja kushoto na mmoja kulia, ili anayeingia asigongane na anayetoka. La tatu ni chumba kidogo cha kubadilishia nguo, ambacho siku za kawaida kinaweza kuwekwa sufuria. Ukuta ukishapanda bila milango hiyo, kuitoboa baadaye ni gharama mara mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hapa sisi tunaomba ufa uachwe mapema!

Wanachama watatu na mimi tumetengeneza mfano wa bwalo hilo kwa njiti za kibiriti na gundi juu ya kipande cha katoni. Tulipata wazo kutoka Kamirithu. Uko juu ya kabati katika chumba cha walimu, na Mwalimu mlezi wetu ameahidi kuufikisha kwa Mwalimu Mkuu kabla ya mafundi kuanza kupandisha mawe. Tafadhali asiuguse aliye na mikono ya chaki, gundi haijashika vizuri.

Babu naye nimemwambia. Ameniuliza kama kutakuwa na kiingilio. Nimemjibu hapana, na kwamba yeye amekaribishwa. Ametaka kiti cha mbele kwa sababu masikio yake si kama zamani.

Hapa natia nanga.